Ng'ambo Tuitakayo: Hiyo "Tu" ni Nani?

Kama umewahi kwenda Zanzibar kwa boti ya asubuhi na kurudi jioni, nina hakika picha zako ni zile zile: mlango wa nakshi, bustani ya Forodhani, paka amelala kichochoroni. Huo ni Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ukifika soko la Darajani ukavuka barabara kubwa, watalii wanapungua ghafla na mji unaendelea. Hapo umeingia Ng'ambo. Jina linajieleza. Zamani kati ya pande hizi mbili ulipita mkono wa bahari, watu wakivuka kwa daraja, ndiyo maana pakaitwa Darajani. Maji yalifukiwa kidogo kidogo mpaka yakaisha katika miaka ya 1950. Jina limebaki, na pamoja nalo imebaki tabia ya kuuona upande ule kama si mji hasa, ingawa wakazi wengi wa mji wanaishi huko.

Nimeichagua Ng'ambo kwa sababu moja. Kwa muda mrefu imepangwa na kila mtu isipokuwa watu wake, halafu katika miaka ya 2010 ikajaribiwa njia nyingine, ya kuanza na wakazi. Sisi tunaosoma mipango miji, sosholojia, uhandisi au sheria tutakuja kukaa upande wa pili wa meza kwenye mikutano ya namna hiyo. Afadhali tujue mapema inavyokwenda.

Tuanze na mipango yenyewe. Mwaka 1923 alikuja Lanchester, mtaalamu wa Kiingereza, akaandika mpango wa kwanza wa mji wa Zanzibar. Mwaka 1958 ukaja wa Kendall na Mill, Waingereza tena. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wakaja wataalamu wa Ujerumani Mashariki, mpango wao ni wa 1968. Mwaka 1982 ikawa zamu ya Wachina. Itikadi zinapingana kabisa, mkoloni na mjamaa, lakini mbinu ni moja: mtaalamu anatoka nje, anapima, anachora, anakabidhi serikalini, anaondoka. Mkazi anauona mpango siku anapoona alama ya rangi ukutani kwake.

Isidhaniwe wakazi walikuwa hawana la kusema. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe za udongo na makuti, lakini kiwanja chini ya nyumba kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anapandisha kodi. Wakagoma kwa pamoja, mtaa kwa mtaa. Nalitaja hili kwa sababu kuna lekcha zinazotufanya tuamini kwamba mwananchi wa kawaida "haelewi masuala ya ardhi" mpaka aelimishwe. Walielewa vizuri sana. Ila mahali pa kusemea hapakuwapo.

Halafu kuna Michenzani. Kila anayepita pale anayaona yale majumba marefu ya ghorofa, yamenyooka kama mabehewa ya treni, yakikutana kwenye mzunguko wa barabara. Ni mradi wa Rais Karume na wenzake wa Ujerumani Mashariki. Nia haikuwa mbaya, tusiwe wepesi wa kubeza: mtu aliyekuwa akiishi kwenye nyumba ya makuti apate umeme, choo cha ndani na ukuta wa zege. Na wananchi walishiriki, tena kwa jasho, maana walibeba mawe na kuchanganya zege katika kazi za kujitolea. Walichokosa ni nafasi ya kusema nyumba iwe ya namna gani. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele. Baraza si pambo. Ndipo wazee wanapokaa na kahawa, ndipo habari za msiba zinapofikia mtaa, ndipo mtoto anapoangaliwa na watu kumi bila mama kuomba. Ghorofa ya tano haina baraza. Ukipita Michenzani leo jioni utaona watu wameshuka, wamekaa chini ya majumba, wengine wameweka na biashara. Wamelirudisha baraza wenyewe, bila mchoro.

Kwa hiyo mtu anaweza kushirikishwa mikono akaachwa akili.

Serikali ya Zanzibar ilipoamua kwamba Ng'ambo ndiyo iwe kitovu kipya cha mji, Idara ya Mipango Miji na Vijiji ilianza kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, ikishirikiana na jiji la Amsterdam na taasisi ya Uholanzi ya African Architecture Matters. Safari hii mchoro haukutangulia. Kilichotangulia ni kuorodhesha kilichopo, kwa kuwauliza wanaokijua. Wanafunzi nao waliingia mitaani kukusanya taarifa, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Msingi wa kazi hiyo ni pendekezo la UNESCO la mwaka 2011 kuhusu miji ya kihistoria. Kwa maneno rahisi linasema hivi: urithi wa mji si majengo mazuri peke yake. Ni tabaka zilizopandana kwa miaka, pamoja na matumizi, kumbukumbu, njia za kupita na shughuli za watu. Ukilifuata kwa dhati, ramani yako inabadilika. Ramani ya kawaida inaonyesha jengo, barabara, bomba la maji. Hii nyingine inaonyesha pia baraza ambako watu wanacheza bao, msikiti wa mtaa, kiwanja cha mpira, fundi baiskeli ambaye mtaa mzima unamtegemea, mahali ambapo vikundi vya taarab vilikuwa vinafanyia mazoezi. (Siti binti Saad mwenyewe aliishi Ng'ambo. Anayesema upande ule hauna historia ana kazi ya kutueleza.) Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 2019 katika kitabu kikubwa cha ramani, Ng'ambo Atlas, na ukifungua kurasa zake utaona mtaa ambao wapangaji wa zamani waliuita vibanda tu.

Kuna faida gani kujua baraza liko wapi? Nitoe mfano wa kufikirika. Mhandisi anataka kupanua barabara mita tatu. Upande wa kushoto kuna ukuta wa kiwanja cha serikali, kulia kuna mstari wa mabaraza. Kwenye ramani ya kawaida pande zote mbili ni sawa, pengine kulia ni rahisi zaidi kwa kuwa hakuna "jengo" la kubomoa. Kwenye ramani ya pili, kulia ndiko kwenye gharama kubwa. Mabishano yanakuwa kati ya karatasi na karatasi, siyo tena kati ya mtaalamu na bibi mmoja anayelalamika.

Sasa nirudi kwenye kichwa cha makala. Neno "tuitakayo" lina kiambishi kidogo sana, tu-. Katika mkutano wa kupanga mji huyo "tu" anaweza kuwa mtu yeyote. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliandika makala ambayo wengi wetu tumeisoma usiku wa kuamkia mtihani, akafananisha ushiriki na ngazi ya vipandio vinane. Viwili vya chini si ushiriki kabisa: watu wanahadaiwa, au wanafanywa kama wagonjwa wa kutibiwa fikra zao. Vitatu vya kati ni kupewa taarifa, kuulizwa maoni na kupozwa kwa kiti kimoja kwenye kamati. Vitatu vya juu ndivyo vyenye nguvu: ubia, kukabidhiwa madaraka, na wananchi kushika usukani wenyewe. Mikutano mingi tunayoijua inaishia kipandio cha tatu au cha nne. Hata hapa hosteli jamani, si tunaitwa ukumbini kutoa maoni juu ya mgahawa mpya wakati mkandarasi ameshamwaga zege?

Kwa maoni yangu kazi kama ile ya Ng'ambo inafika cha nne vizuri na inagusa cha sita, kwa sababu wakazi waliulizwa kabla, na walichosema kikawa sehemu ya ramani yenyewe. Lakini uamuzi wa mwisho, pesa na muhuri vinabaki serikalini, na anayekuja na mtaji wa kujenga halazimiki kusoma atlasi. Wenzetu wa Kenya wameliweka suala hili kwenye Katiba ya 2010, Ibara ya 184, inayotaka sheria ya miji itoe nafasi kwa wakazi kushiriki katika uendeshaji wake. Katiba haimalizi tatizo, maana mkutano wa kutimiza wajibu unaweza kuitishwa hata Nairobi. Ila angalau mkazi ana kifungu cha kwenda nacho mahakamani.

Yapo mambo ya kawaida kabisa yanayoamua nani anaingia kwenye hiyo "tu", na hayamo kwenye vitabu. Saa ya mkutano ni mojawapo. Ukiita watu saa nne asubuhi utapata wastaafu na wenye nyumba. Muuza urojo, dereva wa daladala na mama wa genge wako kazini. Ukiita baada ya swala ya Isha utapata wanaume. Wanawake utawapata alasiri, na pengine si ukumbini, bali uani kwa mmoja wao, tena anayeuliza awe mwanamke. Mkutano mmoja hautoshi, hata uwe na soda na bahasha.

Jingine ni nani anaita. Zanzibar mlango wa mtaa ni sheha, na bila yeye huingii. Lakini sheha ni mteule wa serikali, na orodha ya waalikwa anayokupa ni ya anaowajua na kuelewana nao. Nenda kwake kwanza, umpe heshima yake, kisha uendelee kutembea mpaka nyumba ambazo hazimo kwenye orodha.

Na lugha. Mtaalamu akisema "matumizi mseto yenye msongamano wa wastani", watu wataitikia kwa kichwa, na yeye ataandika "wananchi wameridhia". Aseme: hapa kwako chini patakuwa na duka, juu watakaa watu, jirani yako atakuwa na ghorofa nne na atakuona uani. Hapo ndipo mkutano utaanza.

Linalonikera kuliko yote ni mpangaji. Katikati ya mji mdogo wowote wanaoishi wengi ni wapangaji: vyumba viwili, choo cha pamoja, kodi ya miezi sita mbele. Mji ukifufuliwa, barabara ikapata taa na mtaro ukafunikwa, mwenye nyumba anapandisha kodi. Mpangaji aliyesema mkutanini kwamba anataka taa ndiye wa kwanza kuhama, na wa kwanza kutotajwa kwenye fidia, maana hana jengo. Maoni yake yametumika kumhamisha. Anaweza kulindwa tu ikiwa anajulikana yupo tangu siku ya kwanza ya kuhesabu.

Wanaokwenda fildi mwezi ujao watapewa madodoso yaliyokwisha kuchapwa. Angalieni ukurasa wa kwanza. Madodoso niliyowahi kuyashika yana nafasi ya jina la mwenye nyumba, idadi ya vyumba na aina ya paa. Nafasi ya kuandika nani amepanga chumba kipi, kwa shilingi ngapi na tangu mwaka gani haimo. Pembeni ya karatasi huwa kuna nafasi ya kutosha kuichora kwa kalamu na rula.