Nyasi za Rukwa: Mali inayopitwa na mabasi

ABIRIA wengi wanaopanda basi la asubuhi kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda huanza kusinzia wakiwa bado juu ya uwanda wa Ufipa. Huzinduka basi linapopunguza mwendo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Wakifika Sitalike, kwenye daraja la mto Katuma, huchungulia dirishani, huwaona viboko wamelaliana matopeni, hushangaa kidogo, na safari inaendelea. Kwa wakazi wengi wa Rukwa, utalii wa mbuga za nyasi huanzia na kuishia kwenye dirisha hilo.

Ni jambo la kusikitisha, maana watu wa Ufipa wanaishi juu ya nyasi na kwa nyasi. Neno mbuga lenyewe, kabla halijageuzwa kuwa jina la mahali pa wanyama, lilikuwa na maana ya tambarare ya majani inayotuama maji. Ukiwa na macho ya biashara, kutoka Sumbawanga unaweza kuona nyasi za aina mbili tofauti kabisa ndani ya siku chache: za juu mlimani na za chini bondeni.

Za juu hazihitaji gari la kukodi. Milima ya Mbizi inaonekana kutoka mjini, na ndiko unakotoka sehemu ya maji yanayotumiwa na wakazi wa Sumbawanga. Huko, majani mafupi ya mlimani yamekumbatia vipande vya msitu ambamo wanaishi mbega wekundu wa magharibi mwa Tanzania, nyani ambao hawapatikani sehemu nyingi duniani. Mvua zinapoanza Novemba, maua huchomoza katikati ya majani, yakiwamo ya jamii ya okidi. Anayetaka kuingia ndani ya msitu wa hifadhi apitie kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), apate kibali na mtu wa kumwongoza.

Mkulima wa Kifipa anazijua nyasi hizi kwa namna nyingine. Kwa miaka mingi wazee walilima kwa ntumba: mvua zikielekea mwisho, majani hugeuzwa pamoja na udongo wake na kufunikwa katika matuta ya duara, yakaoza humo humo. Juu ya tuta hupandwa maharage. Msimu unaofuata tuta hubomolewa, udongo ulionona ukatandazwa, na ulezi ukamwagwa. Hiyo ilikuwa mbolea ya mboji kabla mtu yeyote hajaja na semina ya mboji. Maksai na mbolea ya dukani vimebadilisha mengi, lakini hata maksai naye hula majani.

Chikanda: biashara inayojimaliza

Tishio moja la nyasi za juu linawahusu wafanyabiashara wadogo moja kwa moja, nalo ni chikanda. Upande wa pili wa mpaka, Zambia, viazi vya okidi za porini husagwa, vikachanganywa na unga wa karanga, magadi na pilipili, vikapikwa hadi kuganda kama mkate mzito. Soko lake ni kubwa, na okidi za upande wao zilipopungua, wanunuzi waligeukia nyanda za juu kusini za Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 vilikuwa vikivushwa kila mwaka kutoka nyanda hizo.

Mchimbaji hupata fedha ya haraka bila kulima wala kununua mbegu. Ubaya uko ardhini. Mmea mmoja huwa na viazi viwili, cha zamani kilicholegea na kipya kilicho kigumu, na mnunuzi hutaka kile kigumu, ambacho ndicho kingeotesha mmea wa mwaka ujao. Mbegu za okidi nazo ni laini kama vumbi na haziwezi kuota bila kusaidiwa na kuvu maalumu walioko kwenye udongo, kwa hiyo kupanda chikanda shambani kama viazi mviringo si kazi nyepesi. Mlima ukishachimbwa, umechimbwa.

Kuna jambo jingine ambalo mchuuzi anapaswa kulijua kabla hajafunga gunia: okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, na kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa. Anayekamatwa njiani Tunduma mara nyingi ni mbebaji, si tajiri aliyemtuma.

Kilio cha chikanda kilisaidia kuzaliwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, mpakani mwa mikoa ya Mbeya na Njombe, iliyotangazwa mwaka 2005. Ni zaidi ya kilomita za mraba 400 za majani ya mlimani, zikiwa na aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Watu huenda huko kati ya Desemba na Aprili kutembea kwa miguu na kutazama maua, si kutafuta simba. Ufipa ina maua ya jamii hizo hizo. Kinachokosekana ni mtu wa kuyauza yakiwa hai.

Chini ya Lyambalyamfipa

Nyasi za aina ya pili zinaanza pale uwanda unapokatika. Njia ya Ntendo kwenda Muze inashuka ukingo wa Lyambalyamfipa kwa kona kali, na joto linapanda kila unapoteremka, hadi kwenye tambarare za Ziwa Rukwa. Ziwa hili halina mto unaolitoa maji. Hupanuka na kusinyaa kwa miaka, na kila linaposinyaa huacha majani mapya. Katika bonde hili wapo sheshe, swala wa majimaji ambaye nchini hupatikana sehemu chache tu.

Tambarare hizo hizo zina historia ambayo mkulima hapaswi kuisahau. Ni miongoni mwa mazalio makuu ya nzige wekundu. Makundi yaliyoanzia huko na katika tambarare za Mweru Wantipa, Zambia, karibu na mwaka 1930 yalienea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa ikweta, na balaa lile halikwisha hadi miaka ya 1940. Mwaka 2009 nzige walipoongezeka tena, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na wenzake walinyunyizia hekta zipatazo 10,000 katika Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi. Safari hiyo walitumia dawa ya kuvu wanaoua nzige, badala ya kemikali peke yake, kwa sababu mahali pale pana tembo na viboko. Mahindi ya Ufipa yalinusurika, na mbuga haikupewa sumu.

Katavi yenyewe ilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1974 na baadaye ikapanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471. Kati ya Juni na Oktoba, majani ya tambarare ya Katisunga yanakuwa ya dhahabu na maji hubaki madimbwi machache. Hapo ndipo nyati hutoka kwa mamia, viboko hujibana katika dimbwi moja wakigombana, na mamba hujichimbia mashimo kwenye kingo za mto. Masika ni kinyume chake: njia hufurika na wanyama hutawanyika.

Lakini maji ya Katuma hayaanzii hifadhini. Yanatoka juu, kwenye mashamba ya mpunga na mabwawa ya wakulima, na watafiti wameeleza kuwa uchepushaji huo umeufanya mto ukauke mapema kuliko zamani. Baada ya hifadhi, maji hushuka kupitia mto Kavuu kwenda bonde la Mpimbwe, ambako wako wakulima wengine. Anayefunga mto juu anamnyima kiboko, na anamnyima pia mkulima mwenzake wa chini.

Huko Marekani, majani marefu ya asili yalilimwa karibu yote, ikabaki sehemu ndogo sana. Mwaka 1996 ikaanzishwa huko Kansas hifadhi ya kulinda masalia yake, na humo ng'ombe bado wanachungwa, moto huwashwa kwa mpango, na watu hutembea kwa miguu. Ufipa bado haijafikia hasara ile, ingawa moto unaowashwa ovyo kila kiangazi na kula kingo za msitu wa Mbizi unaisogeza huko.

Kwa mwenye duka, mama lishe au mfugaji wa nyuki, mgeni anayelala Sumbawanga usiku mmoja zaidi anahitaji chumba, chai, asali, maharage na mtu wa kumwonyesha njia ya Mbizi. Lami kutoka Tunduma imefupisha safari, na maporomoko ya Kalambo yenye urefu wa zaidi ya mita 200 yako upande wa Matai. Ni mzunguko wa siku tatu au nne ambao karibu hakuna anayeuuza.

Mwenyeji anayetaka kuanza na Katavi aende mwezi wa nane au wa tisa. Kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo, si fedha taslimu mkononi, na matembezi ya miguu lazima yawe na askari mwenye silaha. Kundi la watu watano au sita wanaweza kuchangia gari pale Sitalike au Mpanda. Nguo nyeusi na za buluu zibaki nyumbani, kwa sababu mbung'o wa Katavi huzifuata hadi ndani ya gari.