Waliocheza Dansi Katika Ghala la Chini ya Ardhi

Katika mji wa Liverpool, bandari kubwa iliyo upande wa magharibi wa Uingereza, iko njia nyembamba iitwayo Mathew Street. Zamani ilikuwa njia ya malori na maghala ya matunda, na mtu asiye na mzigo wa kupakia au kupakua hakuwa na haja ya kupita huko. Lakini tangu mwaka 1961 hata mwaka 1963 vijana walionekana hapo wamejipanga mstari mrefu, mchana na usiku, wakingoja kufunguliwa mlango mmoja mdogo. Mlango huo ulikuwa wa Cavern Club, yaani Klabu ya Pango, na hao vijana walikuja kuwasikia wenzao wanne wa mji ule ule, wapiga magitaa na ngoma, walioitwa Beatles.

Jina la Pango halikuwa mzaha. Mtu akiisha kulipa kiingilio alishuka ngazi 18 za mawe mpaka akafika katika vyumba vitatu virefu vya matofali, vyenye dari za mviringo kama tundu la gari la moshi lipitalo chini ya mlima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watu walijificha humo ndege za adui zilipotupa mabomu. Mwaka 1957 pakafanywa klabu ya muziki wa jazi. Chumba cha katikati kilikuwa na viti vya mbao na jukwaa dogo mwisho wake. Vile vya kando vilikuwa vya kuchezea dansi. Dirisha halikuwako. Watu mamia waliposongamana, pumzi na jasho lao lilipanda darini, likageuka maji, likatiririka ukutani na kudondoka vichwani pamoja na vipande vya rangi iliyobambuka. Humo mlinuka vyoo, na dawa iliyomwagwa ili kuficha harufu ya vyoo, na matunda yaliyooza katika maghala ya jirani. Mkulima mwenye busara asingeweka viazi vyake humo hata kwa juma moja.

Pombe haikuuzwa. Mwenye njaa alipata supu na mkate, na mwenye kiu alipata chai au soda. Hata hivyo binti aliyekwenda bila ruhusa hakuweza kumdanganya mama yake, maana harufu ya Pango ilishika katika koti na nywele, naye aliingia nyumbani nayo kama mtu aliyekaa jikoni penye moshi.

Wengi wa wapenzi hao walikuwa makarani, wapiga taipu na wauzaji wa madukani. Mchana waliponyoka ofisini saa ya chakula, wakalipa shilingi moja hivi, wakasikiliza muziki huku wakitafuna mkate, kisha wakarudi mezani kwa mabwana zao wakiwa wamelowa jasho. Usiku walikuja tena. (Siku zile shilingi 20 za Uingereza zilikuwa pauni moja, sawa na zile za Kenya, kwa hiyo msomaji aweza kupima mwenyewe thamani ya furaha hiyo.) Msichana mmoja aliyeajiriwa kupiga taipu, Priscilla White, alifanya pia kazi ya kupokea makoti ya wageni pale Pangoni, na mara nyingine aliitwa jukwaani kuimba. Mwaka 1964 alikuwa mwimbaji mashuhuri wa Uingereza nzima kwa jina la Cilla Black.

Mtu aweza kuuliza kwa nini kijana mwenye mshahara wake asitafute ukumbi safi wenye hewa. Kumbi hizo zilikuwako. Lakini katika ukumbi mzuri mpigaji yuko juu na msikilizaji yuko mbali. Pangoni aliyekaa kiti cha mbele aliweza karibu kugusa viatu vya mpiga gitaa. Aliandika jina la wimbo autakao katika kikaratasi, akakipeleka, na akajibiwa kwa jina lake. Wapigaji walikula jukwaani, wakavuta sigara, wakataniana na watu. Maji ya darini yalipoingia katika mitambo na umeme ukakatika, hawakuondoka. Mmoja alitoa kichekesho, mwingine akaimba bila chombo, mpaka fundi alipomaliza. Wasichana wengine walikaa na nywele zao zimeviringwa kwa vijiti na kufunikwa kitambaa muda wote wa bendi za kwanza, wakazifungua tu zamu ya Beatles ilipokaribia. Basi mtu hakulipa shilingi yake kwa ajili ya nyimbo peke yake. Alilipa ili ajulikane.

Kwa ajili hiyo wapenzi wa Pango walijiona kuwa na haki juu ya bendi, na haki hiyo haikukosa ukali. Mwezi Agosti 1962 mpiga ngoma Pete Best alipofukuzwa na Ringo Starr kutiwa mahali pake, palikuwa na kelele na matusi, na George Harrison alipigwa ngumi akapata jicho jeusi. Tarehe 22 ya mwezi huo watu wa televisheni walikuja kupiga filamu, na humo yasikika mpaka leo sauti ya mtu akimtaka Pete. Lilikuwa jambo la aibu kumpiga mwanamuziki kwa sababu hiyo. Lakini ni nani apiganaye kwa ajili ya kitu kisicho chake?

Hasara kubwa zaidi ilikuwa inakuja kwa njia ya heri. Brian Epstein, mwenye duka la sahani za santuri lililokuwa hatua chache kutoka hapo, alikuwa ameshuka zile ngazi tarehe 9 Novemba 1961, akawa msimamizi wa Beatles. Oktoba 1962 sahani yao ya kwanza kwa kampuni ya London ilitoka. Yasimuliwa kuwa wako wapenzi waliokataa kuinunua, wakihofu kwamba ikipendwa bendi itahama.

Hofu hiyo ilitimia usiku mmoja wa Februari 1963. Pango lilikuwa limejaa. Bob Wooler, aliyekuwa mtangazaji wa klabu, alisimama mbele ya kipaza sauti akasoma habari iliyotoka London: sahani ya pili ya Beatles, Please Please Me, imekuwa ya kwanza katika orodha ya gazeti la New Musical Express. Mgeni angetazamia vigelegele. Waliokuwapo wamesimulia kwamba watu walinyamaza, na wasichana wengine wakalia. Walikuwa wameombea jambo hilo miaka miwili, na lilipofika walitambua mara moja maana yake: vijana wao sasa walikuwa wa watu wote.

Tarehe 3 Agosti 1963 Beatles walipiga Pangoni kwa mara ya mwisho, baada ya kupiga humo zaidi ya mara 250. Siku ya kwanza kabisa, Februari 1961, walikuwa wamelipwa pauni 5. Usiku huo wa mwisho joto lilizidi, kuta zikatoka maji, na umeme ukakatika kama desturi. Februari 1964 walikuwa Marekani, na katika kumbi kubwa walizoingia kelele za watu zilifunika muziki kabisa, hata aliyelipa kiti cha mbele hakuweza kusikia alichokilipia.

Pango lenyewe liliendelea kwa shida. Mwaka 1966 lilifungwa kwa sababu ya madeni, nayo mifereji yake ya maji machafu ilihitaji gharama kubwa. Waziri Mkuu Harold Wilson akaja kulifungua tena mwezi Julai. Mwaka 1973 jengo lilitwaliwa na kubomolewa ili pachimbwe shimo la kupitisha hewa ya reli ya chini ya ardhi. Shimo hilo halikuchimbwa. Mwaka 1984 klabu ilijengwa upya pale pale, kwa sehemu, na baadhi ya matofali ya zamani yakatumiwa. Pango jipya liko chini zaidi kuliko la kwanza, na wageni watokao nchi nyingi hushuka ngazi zaidi ya zile 18.