Si Kila Yai Lililobaki ni Viza: Uatamiaji wa Asili wa Kuku wa Kienyeji na Sababu za Mayai Kutoanguliwa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kuku wa kienyeji anavyoatamia mayai na kutotoa vifaranga, kisha yanachunguza mayai yanayobaki kiotani baada ya vifaranga kutoka. Katika mazungumzo ya kila siku mayai hayo yote huitwa viza. Hoja ya makala ni kwamba jina hilo moja huficha matatizo matatu yenye vyanzo tofauti: yai lisilorutubishwa, yai ambalo kiinitete chake kilikufa mapema, na yai ambalo kifaranga chake kilikufa karibu na kuanguliwa. Mfugaji anayeyatenganisha hujua la kurekebisha. Asiyeyatenganisha aghalabu humlaumu kuku.

1.0 Utangulizi

Katika vijiji vingi vya Tanzania kifaranga bado hutokana na kuku mwenyewe, si mashine ya kutotoleshea. Kuku wa kienyeji hutaga takriban mayai 10 hadi 15 katika awamu moja, huyaatamia kwa siku 21, kisha huwalea vifaranga kwa miezi miwili au zaidi. Muda wote wa kuatamia na kulea hatagi. Kwa hiyo, kila anapoketi juu ya mayai, kaya inakuwa imeweka rehani karibu robo ya mwaka ya uzalishaji wake. Iwapo mayai 12 yatatoa vifaranga 5 tu, hasara haipimwi kwa mayai 7 yaliyopotea, bali kwa msimu mzima wa kuku huyo. Katika kaya nyingi wanaoguswa kwanza ni wanawake na watoto, kwa kuwa kuku ndiyo mali wanayoweza kuiuza bila kungoja idhini ya mwingine.

Hukumu ya haraka hutolewa mara nyingi: kuku huyu hajui kuatamia. Baada ya hukumu hiyo huuzwa au huchinjwa. Wahenga walisema kuku havunji yai lake. Hata hivyo, mwenye kuku hutenda kana kwamba methali hiyo imekanushwa. Makala haya yanaonesha kwamba sehemu kubwa ya sababu za mayai kutoanguliwa hutokea kabla kuku hajaketi, au hutokana na mambo yanayofanywa karibu na kiota chake.

2.0 Neno viza na mipaka yake

Neno viza lina uhusiano na kitenzi via, chenye maana ya kudumaa au kukwama katika ukuaji. Mmea huvia, na yai nalo huvia. Maana hiyo inabeba sharti muhimu: kinachovia ni kile kilichokwisha kuanza kukua. Tukishikilia sharti hilo, yai ambalo halikupata mbegu ya jogoo si viza, kwa sababu hakuna kilichoanza ndani yake. Matumizi ya kawaida yamepanua neno hadi likajumuisha kila yai lililoachwa kiotani. Upanuzi wa maana ni jambo la kawaida katika lugha na si kosa. Katika ufugaji, hata hivyo, una gharama, kwa kuwa jina moja humfanya mtu atafute chanzo kimoja.

3.0 Kazi ya kuku kiotani

Kuku anapokaribia kuatamia hukaa kiotani hata baada ya kutaga, huvimbisha manyoya, hutoa mlio mfupi wa kukatikakatika na hudonoa mkono unaomsogelea. Mabadiliko hayo yanahusiana na kuongezeka kwa homoni ya prolaktini mwilini. Homoni hiyo husimamisha utagaji na huchangia kupukutika kwa manyoya ya sehemu ya chini ya mwili, ikabaki ngozi tupu yenye mishipa mingi ya damu. Ngozi hiyo ndiyo hugusana na mayai. Joto la mwili wa kuku ni takriban nyuzi 41 za Selsiasi, na yai chini yake hukaa karibu na nyuzi 38, joto linalofaa kiinitete.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni namna anavyoanza. Kuku hutaga yai moja kwa siku, na siku nyingine hatagi, lakini haanzi kuyapasha mayai joto kamili hadi awamu ya utagaji inapokaribia kwisha. Yai lililokaa mahali penye ubaridi husimama katika ukuaji wake bila kufa. Anapoketi kikamilifu, mayai yote huanza safari pamoja, ingawa la kwanza lilitagwa wiki mbili kabla ya la mwisho. Ndiyo maana vifaranga huanguliwa katika kipindi cha siku moja au mbili, na mama huweza kuondoka nao wakiwa kundi moja.

Akiwa kiotani huyageuza mayai kwa mdomo mara nyingi kwa siku na kuyahamisha kutoka pembeni kwenda katikati. Kugeuza huzuia kiinitete kugandamana na utando wa ndani ya ganda, na kuhamisha huhakikisha kila yai linapata zamu yake ya joto. Hutoka mara chache kwa siku ili ale, anywe na ajisaidie, kisha hurudi. Ubaridi wa dakika 15 au 20 hauviui viinitete.

Ganda nalo si ukuta mzima. Lina maelfu ya vitundu vidogo vinavyopitisha hewa na mvuke, na hadi kuanguliwa yai hupoteza takriban asilimia 12 ya uzito wake. Nafasi inayoachwa hujazwa na hewa katika ncha butu. Siku ya 19 au 20 kifaranga hutoboa utando wa chumba hicho cha hewa na kuvuta pumzi yake ya kwanza. Huanza kulia akiwa ndani, na mama humjibu. Kabla ya kutoka huvuta mabaki ya kiini tumboni mwake. Akiba hiyo humwezesha kukaa siku mbili bila chakula, akiwangoja wenzake.

4.0 Aina tatu za mayai yanayobaki

4.1 Yai lisilorutubishwa

Yai hili likifunguliwa huwa na kiini na ute vilivyo wazi, bila damu wala mishipa. Chanzo chake kimetangulia uatamiaji: jogoo hayupo, ni mzee, ni mgonjwa, au ni mmoja kwa matetea wengi mno. Kwa kawaida jogoo mmoja hutosha matetea 10 hivi. Hali inayopotosha zaidi ni ya jogoo aliyeuzwa au kuchinjiwa mgeni. Kuku huhifadhi mbegu mwilini mwake kwa takriban siku 10 hadi 14, hivyo mayai ya mwanzo baada ya jogoo kuondoka huwa na mbegu ilhali ya mwisho hayana. Wiki tano baadaye, vifaranga wachache wanapotoka, hakuna anayemkumbuka jogoo.

4.2 Yai ambalo kiinitete chake kilikufa mapema

Hapa huonekana duara la damu au mishipa iliyofifia. Chanzo kikubwa ni uhifadhi. Yai hudumu vizuri kwa siku 7 hivi likiwekwa mahali pa baridi, penye kivuli, ncha kali ikiwa chini. Baada ya hapo uwezo wake hupungua siku hadi siku. Yai lililowekwa karibu na meko au chini ya bati lenye joto huanza kukua kidogo, kisha husimama, kisha huanza tena, na kiinitete hakistahimili mwenendo huo. Mtikisiko mkali, kama wa yai lililobebwa kwa baiskeli kutoka mbali, nao hudhuru.

Desturi ya kaya nyingi ni kula au kuuza mayai mapya na kumwachia kuku yale ya kwanza. Ugeuzi mdogo wa desturi hiyo huleta faida bila gharama: mayai ya kwanza ndiyo yaliwe au yauzwe, na ya mwisho ndiyo yaatamiwe. Tarehe iliyoandikwa kwa penseli juu ya ganda inatosha kuyatofautisha.

4.3 Yai ambalo kifaranga chake kilikufa karibu na kuanguliwa

Hili ndilo viza hasa: ndani mna kifaranga mwenye manyoya ambaye hakutoka. Chanzo kimojawapo ni kuvunjwa kwa ule mwanzo wa pamoja. Kuku wengine wakitaga katika kiota hicho hicho, au mwenye kuku akiongeza mayai siku ya 4 au ya 5, mayai hayo hubaki nyuma. Vifaranga wa kwanza wakishatoka na kukauka, mama huwafuata, na walio nyuma hufa kwa baridi wakiwa na siku 15 hadi 19. Katika hali hii mama ametimiza wajibu wake kwa walio hai. Dawa yake ni kuyatia mayai yote alama ya mkaa siku ya kwanza, kuondoa kila siku yai lisilo na alama, na kumtenga kuku na wenzake.

Chanzo kingine ni utitiri. Kuku anayeng'atwa usiku kucha hukaa muda mrefu nje ya kiota au hukihama kabisa. Kiota kisafishwe na majani makavu yabadilishwe kabla hajaketi. Wafugaji wengi pia hutia majivu. Unyevu nao una nafasi yake: kiota kinachovujiwa na mvua huzuia yai kupoteza maji ya kutosha, na kilichokauka kupita kiasi huufanya utando umkaze kifaranga. Vilevile, idadi ya mayai ilingane na mwili wa kuku. Kuku mdogo kama Ching'wekwe hawezi kufunika mayai anayoyafunika Kuchi. Yai lisilofunikwa leo huingia katikati kesho na kulitoa jingine nje, hivyo ziada ya mayai matatu yaweza kudhuru zaidi ya matatu.

5.0 Namna ya kutambua

Utambuzi hufanyika mara mbili. Siku ya 7, usiku, yai hushikwa mbele ya tochi iliyofunikwa kwa karatasi ngumu yenye tundu. Lenye uhai huonesha mishipa iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lisilo na mbegu huwa jeupe. Lililokufa huonesha duara la damu. Mara ya pili ni siku ya 23, mayai yaliyobaki yanapofunguliwa nje ya nyumba, kwa uangalifu, kwa kuwa yaliyooza huweza kupasuka. Kufungua mayai ili kujifunza si jambo geni: Aristotle, katika karne ya 4 KK, alieleza ukuaji wa kifaranga kwa utaratibu huo huo, akataja moyo unaoonekana kama tone la damu kuanzia siku ya tatu.

Chukulia kaya mbili, kila moja ikiwa imepata vifaranga 7 kwa mayai 12. Ya kwanza inafungua matano yaliyobaki na kukuta manne hayana mbegu. Ya pili inakuta manne yana vifaranga wenye manyoya. Matokeo ni sawa kwa hesabu, lakini ya kwanza inahitaji jogoo, na ya pili inahitaji kiota kilichotengwa. Katika kaya zote mbili, kumchinja kuku hakutibu chochote.

6.0 Mipaka ya uainishaji huu

Kiinitete kilichokufa katika siku ya kwanza au ya pili huacha alama hafifu, na jicho lisilozoea huweza kulihesabu yai hilo kuwa halina mbegu. Lishe duni ya koo na kuzaliana kwa ndugu nako huua viinitete katika hatua mbalimbali, hivyo aina moja ya yai haithibitishi chanzo kimoja peke yake. Wako pia makoo wachache wanaohama viota bila sababu ya wazi. Uainishaji huu unaonesha mahali pa kuanzia kutafuta, na haudai kumaliza uchunguzi.

7.0 Hitimisho

Tabia ya kuatamia ni urithi unaoweza kupotea. Kuku wa kisasa wa mayai wamechaguliwa kwa vizazi vingi ili wasiatamie, kwa kuwa anayeatamia hatagi. Koo wa kienyeji bado anao urithi huo, na kaya isiyo na umeme wala mashine humtegemea yeye. Kumwondoa kwa kosa la jogoo, la ghala au la kiota ni kuipunguzia kaya uwezo ambao haiwezi kuununua kwa urahisi. Ndiyo maana inapendekezwa kwamba, kabla ya kuku kuhukumiwa, mayai yaliyobaki yafunguliwe, yahesabiwe kwa aina zake, na kila aina iitwe kwa jina lake.