Nafasi ya Pigo: Uchongaji wa Muziki, Kompyuta na Solfa ya Uvira

Mwimbaji aliyepewa ukurasa wa muziki ulioandikwa vema hauoni uandishi. Huuona wimbo, na sauti humtoka kinywani kabla hajapata kujiuliza jicho lake limepita wapi. Wepesi huo ni matunda ya sanaa yenye kaida zake, ambayo kwa karne kadhaa ilishikwa na mafundi wachache waliorithishana mkono kwa mkono, na ambayo katika miaka hamsini hivi iliyopita imetiwa ndani ya kompyuta, kaida baada ya kaida. Walakini katika mwambao huu wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, tangu Kavimvira, mpakani mwa Burundi, hadi Baraka kwa upande wa kusini, ambako ni taabu kupata mtaa usiokuwa na korali yake, nyimbo nyingi hazisafiri kwa nota za mistari mitano bali kwa solfa, yaani sauti zilizoandikwa kwa herufi. Na solfa, kwa rai yangu, ndiyo hati ambayo mafundi wa kompyuta hawajaipa haki yake, ilhali ndiyo inayosomwa na watu wetu.

Ili haki hiyo ifahamike, hatuna budi kumtazama kwanza fundi wa kale. Mwaka 1501, mjini Venice, Ottaviano Petrucci alichapa kitabu cha nyimbo kwa herufi za kupangwa, akaipitisha karatasi ile ile mashineni zaidi ya mara moja, mistari kwa zamu yake na nota kwa zamu yake, na kila safari ilibidi zikutane pasipo kupishana hata unywele. Mwaka 1528 Pierre Attaingnant wa Paris aliifupisha kazi kwa kuitia nota pamoja na kipande cha mistari yake katika herufi moja. Upesi ukapatikana, lakini uzuri ukapungua, kwani mistari ilionekana imekatikakatika. Muziki ulipozidi kuwa na sauti nyingi na nota za mbio, herufi za kupangwa zikaelemewa, na kazi ikahamia kwenye bamba la madini.

Bamba hilo lilikuwa la mchanganyiko laini wa bati na risasi. Fundi alichora mistari mitano kwa chombo chenye meno matano, akapima kwa bikari mahali pa kila nota, akakwaruza alama nyepesi ya kumwongoza, kisha akashika muhuri wa chuma na nyundo, akagonga ufunguo, vichwa vya nota, na alama za kupandisha na kushusha sauti; na vile visivyokuwa na umbo moja la kudumu, yaani vijiti vya nota, mihimili ya kuziunga na matao ya kuzifunga, alivichonga kwa patasi ndogo kali. Yote hayo aliyafanya kinyume, kutoka kuume kwenda kushoto, ili karatasi ikigandamizwa juu ya bamba ipate sura iliyo sawa. Akikosea, aliligeuza bamba, akaligonga mgongoni mpaka kosa likafukiwa, akaanza tena mahali pale pale. Makao makuu ya ufundi huu yalikuwa Leipzig, Ujerumani, ambako nyumba ya Breitkopf ilianza mwaka 1719 na karakana ya C. G. Röder mwaka 1846.

Ugumu wenyewe ulikuwa katika nafasi. Asiyejua hudhani kwamba nota ya mapigo mawili yapasa kupewa nafasi maradufu ya nota ya pigo moja. Akifanya hivyo ukurasa hujaa uwanda mtupu mahali pa nota ndefu, na jicho hupotea humo kama mtumbwi usio na kasia. Mafundi waliipa nota ndefu nafasi zaidi, lakini si kwa kadiri ya urefu wake: iliyo maradufu ilipata kama mara moja na nusu hivi, kisha jicho likaachiwa kusahihisha hesabu. Na jicho lilikuwa na mengi ya kusahihisha. Kijiti kinachopanda husimama kuumeni mwa kichwa cha nota, na kinachoshuka husimama kushotoni. Kwa hiyo nota yenye kijiti cha kupanda ikifuatwa na yenye kijiti cha kushuka, vijiti viwili hukabiliana kwa karibu, na msomaji huona nota zimebanana, ijapokuwa rula inashuhudia kwamba nafasi ni sawasawa. Fundi alizitenga kidogo. Na zilipokuja kwa mpango wa kinyume, alizisogeza karibu. Kadhalika mhimili haukuachwa uangukie popote kati ya mistari, maana pembe ndogo nyeupe iliyobaki baina yake na mstari ingenywa wino na kuwa doa. Hakuna mwimbaji aliyemshukuru fundi kwa ajili ya pembe hiyo.

Kompyuta iliingia kazini kwa unyonge. Katika miaka ya 1970 Leland Smith, mtunzi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitunga programu aliyoiita SCORE, ambayo wachapaji wakubwa waliitumia kwa miaka mingi. Mwaka 1988 ikatokea Finale, mwaka 1993 Sibelius ya ndugu mapacha wa Uingereza, Ben na Jonathan Finn, na mwaka 2016 Dorico. Inayonivutia kuliko zote ni LilyPond, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, kwa sababu wao waliuliza swali la fundi. Waliuweka ukurasa wa Bach uliochongwa kwa mkono na kuchapwa na Bärenreiter mwaka 1950 kando ya ukurasa wa kompyuta, wakatafuta kwa nini ule wa zamani unasomeka bila juhudi na huu mpya unachosha. Majibu yalikuwa madogo madogo: mistari mizito zaidi, ncha zilizoviringika, nafasi zinazolifuata jicho badala ya rula, na kila jibu likaandikwa kuwa kaida ambayo mashine inaweza kuitii. Kutoka kwa Donald Knuth, aliyeifundisha kompyuta kukata mistari ya maandishi kwa kuitazama aya nzima badala ya mstari mmoja mmoja, wakaazima njia ya kukata mistari ya muziki. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba mashine imemwondoa fundi hajatazama vizuri, kwani kila pazuri katika ukurasa wa mashine pana hukumu ya fundi aliyekufa, iliyohamishwa na mtu aliyekubali kukaa na kutazama.

Solfa haijapata mtu wa namna hiyo, ingawa asili yake si ya juzi. Ilianza Norwich, Uingereza, kwa Sarah Glover, aliyetaka watoto na waumini wa kawaida waweze kuimba kwa kusoma. John Curwen aliichukua mwaka 1841, akaitengeneza na kuieneza, na wamisionari wa Kiprotestanti wakaivusha bahari. Afrika Kusini, mwaka 1897, Enoch Sontonga alitunga kwa hati hiyo wimbo ambao Watanzania wanauimba leo kuwa wimbo wa taifa lao. Sababu ya kuenea kwake ni nyepesi: haihitaji bamba wala muhuri, kwani herufi d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta, mkato, nukta pacha, kistari na mstari wa wima, karibu zote zimo katika mashine ya taipu. Mstari wa wima huonyesha pigo zito, nukta pacha pigo jepesi. Nukta huligawa pigo nusu kwa nusu, mkato huligawa robo, na kistari huirefusha sauti iliyotangulia.

Mashine ya taipu ilikuwa na fadhila moja ambayo haikutambuliwa mpaka ilipotoweka. Kila herufi ndani yake ilichukua upana ule ule, hivyo soprano, alto, tenori na besi zilipopangwa moja chini ya nyingine, mapigo yalisimama safu kwa safu bila mwandishi kuhangaika. Kompyuta ilikuja na herufi za vitabu, ambazo kila moja ina upana wake. Na katika herufi saba za solfa, l ni nyembamba kupita zote, ilhali m ni pana mara tatu hivi. Safu zikayumba. Mwalimu wa korali huziba pengo kwa kuongeza nafasi tupu hapa na pale, mpaka kwenye kioo chake mambo yamekaa sawa. Kisha hulituma faili kwa simu kwenda Kalemie au Kigoma, nalo hufunguliwa kwenye chombo kisicho na herufi zile, na alto ya pigo la tatu ikasimama chini ya soprano ya pigo la nne. Korali ikiimba vibaya Jumapili hiyo, lawama humshukia mwalimu au waimbaji, wala hakuna anayeifikiria herufi l.

Msiba wa pili ni wa mkato. Curwen aliitambulisha sauti ya chini kwa tarakimu ndogo iliyowekwa chini ya herufi. Wapigaji wa taipu, kwa kukosa tarakimu hiyo, wakaweka mkato. Lakini mkato tayari ulikuwa na kazi ya kuligawa pigo robo, na kwa hiyo besi, ambayo hushuka mara kwa mara, hujikuta ikisoma mgawanyo wa pigo mahali palipokusudiwa kushuka kwa sauti. Juu ya hayo kuna jambo la mwambao wetu hasa: aliyesomeshwa muziki kwa Kifaransa hujua kwamba do ni nota moja isiyohama, na mwenzake aliyelelewa katika solfa hujua kwamba do huhama pamoja na ufunguo; bandari ya Kalundu, hapa Uvira, huwakutanisha wawili hao kila siku, na ukurasa usioandika ufunguo wake waziwazi hapo juu huwapatanisha kwa shida.

Wapo wanaoandika kwanza nota za mistari mitano katika programu ya MuseScore, kisha wakaziingiza silabi za solfa chini yake kana kwamba ni maneno ya wimbo. Ni hila nzuri, nami naiheshimu, lakini inakwama penye mzizi. Kaida ya nafasi iliyorithiwa kutoka Leipzig huibana nota ndefu, ilhali katika solfa nafasi kutoka alama moja ya pigo hadi nyingine ndiyo pigo lenyewe, na mwandishi mwema huzilinganisha nafasi hizo ili jicho lipime muda kwa upana. Sheria mbili hizi zinapingana. Mashine inayoitii ya kwanza kwa uaminifu wote huiharibu ya pili, na kadiri ilivyo stadi katika mistari mitano ndivyo inavyozidi kupotoka katika solfa.

Nayo lugha yetu huongeza mashaka yake. Pigo lenye silabi moja ya a hutosheka na pembe ndogo, bali pigo lenye silabi nne za mbio, na ndani yake mwe na ngwa, hudai uwanja. Mwandishi akitaka mapigo yalingane, hana budi kuupima mstari mzima kwa pigo lake lililo pana kuliko yote, au aukate mapema. Tena programu zilizolelewa katika lugha za Ulaya huligawa neno Mungu kwa kuitenga n na g, hali sisi twaimba Mu-ngu. Na hazijui kwamba m ya mtu hudai nota yake yenyewe, ilhali m ya mbingu haidai kitu.

Sidai kwamba solfa inatosha kwa kila muziki, na hata mistari mitano haitoshi. A. M. Jones, katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya muziki wa Afrika, alilazimika kuipa kila ngoma mistari yake ya wima isiyokutana na ya jirani, kwa kuwa mapigo mazito hayakuangukia mahali pamoja. Na programu nyingi hadi leo huona tabu kuukubali uhuru huo.

Bali kwa korali za Uvira, Sange na Baraka, kazi iliyo karibu inawezekana. LilyPond na MuseScore ni programu huria, na kijana wa Bukavu au Bujumbura mwenye maarifa ya kompyuta anaruhusiwa kuzifungua na kuziongezea kaida. Anachokosa ni mtu wa kumwandikia kaida zenyewe, yaani walimu wa korali waliokwisha kuzizoea mkononi, wakae pamoja na kurasa zao bora na zao mbovu, waeleze kwa maneno kwa nini hii inasomeka na ile haisomeki.

Wakati huo huo, kilichoandikwa kisipotee. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba mjini Uvira, na karatasi haishindani na maji. Lakini faili nalo lina hatari yake, kwani mwezi Agosti 2024 wenye Finale walitangaza kwamba programu hiyo, baada ya miaka zaidi ya thelathini na mitano, haitaendelezwa tena. Mwenye nyimbo ndani yake azitoe sasa kwa MusicXML, ambayo programu nyingine huisoma. Na kwa kuwa njia hiyo huibeba solfa kama maneno matupu pasipo kulinda safu zake, kila wimbo uwe pia na nakala ya PDF, ambayo herufi zake hazibadiliki ikihama chombo, na nakala moja ya karatasi ikae kwa korali rafiki katika mji mwingine.