NENO MOJA, MAANA NYINGI

Mtu aliyesoma Kiingereza shuleni huenda akapokea barua kutoka dukani, akakuta ndani yake neno "outstanding". Alikwisha kuliona neno hilo zamani, pale mwalimu alipoliandika juu ya karatasi ya mtihani kumsifu mwanafunzi aliyewapita wenziwe. Basi aweza kudhani kwamba mwenye duka naye amsifu. Sivyo. Katika barua ya hesabu, neno hilo maana yake ni deni ambalo halijalipwa. Asiyelifahamu atafurahi leo, na kesho ataitwa kortini.

Maneno ya namna hii ni mengi katika Kiingereza, na aghalabu yenye maana nyingi zaidi ni yale mafupi yanayotumika kila siku. Tutazame "run", ambalo mtoto hufundishwa kuwa ni kukimbia. Mtu hukimbia, maji hutiririka, mashine huzunguka, mfanyi biashara huendesha duka, na mwanasiasa hugombea kiti: Waingereza hutumia neno hilo moja kwa yote hayo. Watungaji wa kamusi kubwa ya Oxford walipolichunguza upya, walipata maana 645 za kitenzi hicho peke yake, kama ilivyotangazwa mwaka 2011.

Sababu moja ni historia. Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, na maneno mengi ya Kifaransa yakaingia katika lugha ya nchi. Mojawapo ni "fine", ambalo asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mwisho. Kitu kilichofanywa mpaka mwisho bila kasoro kiliitwa "fine", yaani kizuri. Na fedha zilizolipwa ili kumaliza shauri nazo zikaitwa hivyo hivyo. Hapo ndipo sisi tulipopata neno "faini".

Wala tusiwacheke Waingereza. Kwetu sisi, paa ni mnyama wa porini, na paa ni la nyumba. Ndege hupaa angani, na mpishi humpaa samaki magamba. Hatukosei, kwa kuwa maneno yaliyo jirani hutuonyesha maana.

Lakini katika hati, kosa dogo laweza kumpotezea mtu mali. "Interest" ni hamu ya jambo. Katika mkopo ni riba. "Security" ni usalama. Katika mkopo ni dhamana, pengine shamba au nyumba itakayochukuliwa deni lisipolipwa. "Execute" ni kumwua aliyehukumiwa kifo. Katika hati ya mwanasheria ni kuitia sahihi ili ipate nguvu ya sheria.

Basi msomaji afanye nini? Kwanza, asome sentensi nzima kabla ya kuamua maana ya neno moja. Pili, afikiri barua yatoka wapi: shuleni, hospitalini, benki au kortini. Tatu, afunguapo kamusi asiishie kwenye maana ya kwanza, bali azisome zote mpaka apate inayopatana na habari yenyewe. Na kama bado ana shaka, asitie sahihi wala kidole gumba mpaka amepata mtu anayeaminika wa kumweleza. Kuuliza si ujinga.