Istilahi za Risasi na za Ujazaji Wake

Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001, ina kifungu kinachoeleza maana ya kile ambacho sheria zetu hukiita risasi. Kwa mujibu wake, neno hilo lahusu kitu kizima na pia sehemu zake: ganda, kiwashio, baruti, na kile kirukacho kwenda kwenye shabaha. Mfasiri asiye na tahadhari atafika mwisho wa sentensi hiyo akiwa ameandika kwamba risasi maana yake ni risasi.

Asili ya tatizo yafahamika. Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako ni jina la madini yale mazito na laini yenye rangi ya kijivu. Kwa kuwa vidonge vya gobore vilisubuliwa kwa madini hayo, jina la madini likawa jina la kidonge. Baadaye zilipofika bunduki za kisasa, jina hilo hilo likafunika ganda pamoja na vyote vilivyomo. Leo zipo hata risasi zilizochongwa kwa shaba tupu. Yaani risasi isiyo na risasi!

Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania, utata huu si wa kuchekea. Tuseme shahidi anaieleza mahakama mjini Bariadi kwamba mshtakiwa alikutwa na risasi tatu. Je, ni risasi nzima ziwezazo kufyatuliwa, ni maganda matupu yaliyookotwa njiani, au ni vidonge vya gobore? Uhuru wa mtu waweza kutegemea jibu hilo.

Bariadi hatukuitaja ovyo. Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, unapakana na Hifadhi ya Serengeti, na ndani yake limo Pori la Akiba Maswa. Katika mazingira hayo hukutana silaha za zama mbili: gobore la mwanakijiji, na bunduki ya mtutu mpana ya mgeni mwenye kibali cha kuwinda nyati. Tena gobore, lidharauliwalo na wengi, ndilo lililotuwekea akiba ya istilahi. Mwenye gobore hupima baruti, akaimimina mtutuni, akaishindilia kwa mdeki. Mlipuko huanzishwa na fataki. Kamusi za kale zimehifadhi hata usemi kiasi cha bunduki.

Sasa tumtazame yule ajazaye ganda upya, kazi ambayo Marekani wawindaji wengi huifanya nyumbani, na ambayo hapa kwetu haifanywi bila idhini ya sheria. Huondoa fataki iliyokwisha kulipuka, hulirudishia ganda umbo lake, hutia fataki mpya, hupima kiasi cha baruti, kisha hukaza kichwa mdomoni mwa ganda. Hakuna hatua hata moja iliyotulazimisha kuazima neno.

Kushindilia nako kungali na kazi. Risasi ya .458 Winchester Magnum, iliyotolewa mwaka 1956, ilikuwa na ganda fupi, hata ikabidi baruti ishindiliwe mno. Pengine ikagandamana, isiungue sawasawa, na kichwa kikatoka kwa nguvu pungufu. Mwindaji wa Kimarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati nchini Msumbiji mwaka 1959, alitafuta dawa. Mwaka 1971 alichukua ganda refu la .375 Holland & Holland, akalitanua mdomo lipokee kichwa cha .458.

Risasi ya namna hiyo, iliyobuniwa na mtu binafsi kabla ya kukubaliwa na kiwanda chochote, Wamarekani huiita kwa jina la paka wa porini. Mfasiri atakayeliandika jina hilo kama lilivyo atamfanya ofisa wa forodha atafute mnyama sandukuni. Sisi twapendekeza risasi ya kubuni, kinyume cha risasi ya kiwandani. Risasi ya Lott yenyewe ilivuka mpaka huo: mwaka 2002 kampuni ya Hornady iliitoa kwa ajili ya soko.

Tofauti hii yamhusu mtumishi wa serikali moja kwa moja. Ganda lililotanuliwa hubaki na maandishi ya kiwanda kitakoni, yasemayo .375, hali mdomoni limebeba kichwa cha .458. Anayejaza fomu kwa kusoma kitako peke yake ataandika kitu kisichokuwapo. Maandishi hayo tuyaite chapa ya kitako, na fomu itenge nafasi ya chapa na nafasi ya kipimo halisi.

Kwa hiyo risasi libaki jina la kitu kizima, kama lilivyo katika sheria na midomoni mwa watu. Kirukacho kiitwe kichwa cha risasi, na madini yaitwe madini ya risasi kila panapokuwa na shaka. Wapo wanaoona kwamba fataki limekwisha kutekwa na sherehe za mwaka mpya, na tangu kampeni ya redio ya mwaka 2008, na wazee wanaowarubuni wasichana. Hatuoni kuwa hilo ni kikwazo. Mwenye gobore hajawahi kulichanganya.

Lililobaki ni upana wa tundu la mtutu. Baadhi yetu wapendelea kipenyo, wengine kaliba. Hili la pili Wazungu walilitwaa kwa Waarabu, kutoka neno lile lile lililotupa kalibu ya kusubia. Maoni ya walimu wa ufundi, askari wa wanyamapori na mahakimu yatapokelewa kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.