Nanasi la Kiwangwa na Zamu ya Usiku

Masika yakishapita, mashamba ya Kiwangwa, mkoani Pwani, husubiri. Mvua za Machi hadi Mei zimekwisha, vuli haitarajiwi hadi Oktoba, na katikati yake kuna miezi ya jua na upepo wa kusi unaokausha mchanga. Mahindi yaliyochelewa kupandwa huanza kujikunja majani kabla ya adhuhuri. Nanasi la shamba la jirani halijali. Anayepita barabara ya Makofia kwenda Msata, ambako matunda hayo hupangwa kwa mafungu kando ya lami msimu unapofika, anaweza kudhani kwamba mmea huo umeficha maji mahali fulani. Ni kweli, majani yake manene yana akiba kiasi. Lakini siri kubwa iko kwenye saa zake za kazi.

Kila mmea wa nchi kavu una shida moja. Ili ujitengenezee chakula, yaani ufanye usanisinuru, unahitaji mwanga, maji na kabonidayoksaidi. Hewa hiyo huingia kupitia vitundu vidogo mno vya majani viitwavyo stomata, na kitundu kinachoingiza hewa ndicho kinachotoa mvuke wa maji. Mpunga wa bonde la Ruvu, muhogo, mkorosho na miti mingi ya pwani hufungua vitundu hivyo mchana. Kwa kila gramu moja ya kabonidayoksaidi inayonaswa, mimea ya kundi hili hupoteza takriban gramu 400 hadi 500 za maji. Kundi la nanasi hupoteza gramu 50 hadi 100.

Nanasi hufanya zamu ya usiku. Jua likizama, hewa ikapoa na kuwa na unyevu, stomata zake hufunguka. Kabonidayoksaidi inayoingia hunaswa na kimeng'enya, ikageuzwa kuwa asidi ya maliki na kuwekwa ndani ya seli. Kukicha vitundu hufungwa. Mchana kutwa asidi ile huvunjwa, hewa yake huachiwa ndani ya jani lililofungwa, na mwanga wa jua humalizia kazi ya kutengeneza sukari. Wataalamu huuita mfumo huu CAM.

Ulimi ulitangulia maabara katika jambo hili. Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, alitafuna majani ya mmea wa jamii ya kalanchoe na kugundua kuwa asubuhi yalikuwa machachu, adhuhuri hayakuwa na ladha, na jioni yakaelekea uchungu. Barua yake kuhusu jambo hilo ilichapishwa London mwaka 1815. Miaka 200 baadaye, mwaka 2015, timu iliyoongozwa na Ray Ming ilichapisha ramani ya vinasaba vya nanasi na kuonyesha kwamba baadhi ya vinasaba vya CAM huendeshwa na saa ya ndani ya mmea wenyewe.

Nanasi halifungwi na ratiba moja. Likipata maji ya kutosha, hufungua vitundu tena alasiri, akiba ya asidi ikiwa imekwisha, na kunasa hewa moja kwa moja kama mimea mingine. Ukame ukizidi, hufunga usiku na mchana, likatumia tena kabonidayoksaidi inayotokana na upumuaji wake. Hapo halikui, lakini halifi.

Bei ya ujanja huu ni muda. Seli haiwezi kuhifadhi asidi bila kikomo, hivyo kazi ya usiku mmoja ina mpaka wake. Mkulima anayepanda machipukizi leo husubiri kati ya mwaka mmoja na robo na miaka miwili kuona tunda, wakati jirani yake wa mahindi huvuna ndani ya miezi minne.

Kaskazini zaidi, ng'ambo ya Hifadhi ya Saadani, kuna ndugu wa kimfumo wa nanasi: mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na 62 tu vilivyopona safarini vilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Wasimulizi hupenda kuongeza kuwa vilisafirishwa kwa siri ndani ya mamba aliyekaushwa. Hadithi tamu, ingawa mkonge haukuhitaji mamba ili uwe maarufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, kutoka mmea unaofanya kazi usiku kama nanasi.

Ila isidhaniwe kwamba mfumo wa usanisinuru ndio unaoamua kila kitu. Mahindi, mtama na miwa, ikiwemo ile inayolimwa Makurunge, hutumia mfumo mwingine uitwao C4, uliofafanuliwa nchini Australia na Hatch na Slack mwaka 1966. Mimea hiyo hukusanya kabonidayoksaidi kwa nguvu katika seli maalumu, kwa hiyo inaweza kupunguza ufunguzi wa vitundu. Kwa kipimo kilekile, hupoteza gramu 250 hadi 300 za maji. Kwenye karatasi, mahindi yangepaswa kuushinda muhogo. Shambani ni kinyume. Mahindi yakikosa maji wakati mbelewele zinatoka, ndevu huchelewa, chavua hukosa pa kutua na magunzi hubaki mapengo. Muhogo, wenye mfumo wa kawaida kabisa, hufunga vitundu mapema hewa ikikauka, huangusha majani na kungoja mvua. Kwa hiyo orodha za mazao yanayostahimili ukame zisizoeleza zao hilo linastahimili nini, na katika umri gani, zinamdanganya mkulima.

Walimu wa baiolojia wa Bagamoyo na Chalinze wana maabara ya bure nje ya madarasa yao. Wakate kipande cha jani la nanasi kabla ya jua kuchomoza na kingine saa kumi jioni, waviponde na kupima majimaji yake kwa karatasi ya pH. Cha alfajiri kitaonyesha asidi kali zaidi. Wasitumie ulimi kama Heyne, kwa sababu nanasi lina vimeng'enya vinavyouwasha mdomo.